Mswaki mgumu, laini au wa umeme: meno yanapoanza kuingia ganzi

SWALI: Daktari, nimetumia mswaki mgumu kwa miaka mingi kwa sababu ndio pekee unaonifanya nijisikie meno yametakata. Siku hizi maji baridi yananitia ganzi upande wa kushoto juu, karibu na chonge, na nikipitisha ukucha pale ufizi unapoanzia nagusa kama kijimfereji. Nilijaribu mswaki laini siku tatu, nikaona kama napaka tu, tena fizi zikatoa damu. Ninunue wa umeme, au nirudi kwenye mgumu nisugue polepole?

JIBU: Ndugu msomaji, usirudi kwenye mgumu, hata kwa kusugua polepole. Kijimfereji hicho kwa maelezo yako kinaelekea kuwa jino lililolika kwa msuguano. Enameli, lile ganda gumu la jino, huwa nyembamba sana kwenye shingo ya jino na hukomea hapo. Ufizi ukishuka kwa kusuguliwa, mzizi hubaki wazi, na chini ya utando wake mwembamba kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na ina vitundu vidogo vinavyoelekea kwenye neva. Baridi ikigusa hapo ndipo unaposikia ganzi. Kama unatumia mkono wa kulia, si ajabu ikawa kushoto: mtu anayeshika mswaki kwa mkono wa kulia huanza upande huo mara nyingi na huukandamiza zaidi. Chonge nalo limejitokeza kwenye kona ya safu ya meno, kwa hiyo hupokea msuguano mwingi.

Kosa kubwa liko kwenye wazo kwamba uchafu mgumu unahitaji mswaki mgumu. Kinachotakiwa kuondolewa kila siku ni utando wa bakteria, na huo ni laini kiasi kwamba hata kijiti cha meno huukwangua. Utando ukiachwa hunyonya madini ya mate na kuwa ugaga. Ugaga hautolewi na mswaki wowote, uwe mgumu au wa umeme. Hutolewa na daktari wa meno kwa vifaa vyake. Sasa basi, penye utando mswaki laini unatosha, penye ugaga hata mswaki mgumu hausaidii. Sioni kazi iliyobaki kwa mswaki mgumu mdomoni, na ningefurahi watu wakiuacha kwa kusafishia vito na viatu.

Hisia yako ya “kupaka tu” ina sababu. Nyuzi ngumu ni nene, hazipindi, kwa hiyo husugua tumbo la jino na kulifanya liteleze kwa ulimi, huku ukingo wa ufizi ukiachwa na utando. Nyuzi laini, zenye unene wa kama milimita 0.15 hadi 0.18, hupinda na kuingia kwenye mwanya mdogo kati ya jino na ufizi. Ndiyo maana damu imetoka: umegusa mahali ambapo hapakuwa panafikiwa, na fizi zimevimba kwa utando wa siku nyingi. Usikwepe hapo. Ukiendelea kupasafisha taratibu, damu kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hadi mbili.

Mkono nao lazima ubadilike, maana mswaki laini unaoburuzwa kwa nguvu kama fagio nao hula jino. Ushike kwa ncha za vidole kama kalamu, si kwa ngumi. Elekeza nyuzi kwenye ukingo wa ufizi kwa pembe ya digrii 45, nusu zikae juu ya jino na nusu juu ya ufizi, kisha tikisa mbele na nyuma kwa mwendo mfupi, usiozidi upana wa nusu jino. Tikisa mara kumi hivi, sogea meno mawili au matatu, endelea. Upande wa ndani wa meno ya mbele simamisha mswaki wima. Anza na sehemu unazozikwepa: upande wa ndani wa magego ya chini na nyuma ya gego la mwisho. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, moja kabla ya kulala.

Kuhusu nguvu, tumia mizani ya jikoni. Kandamiza mswaki juu yake kama unavyofanya mdomoni na utazame namba. Lenga gramu 150 hivi. Wengi hushtuka kuona mkono wao unasoma mara mbili ya hapo. Dalili nyingine ni nyuzi kutawanyika kabla hata ya miezi mitatu kuisha. Mswaki wenye nyuzi zilizopinda ubadilishwe mara moja. Usiopinda, kila miezi mitatu hadi minne.

Dukani chagua kichwa kidogo, kinachoweza kugeuka nyuma ya gego, na nyuzi zenye ncha za mviringo. Usiamini sana neno “wastani” kwenye pakiti, kwa sababu wastani wa kiwanda kimoja huweza kuwa mgumu kuliko wa kingine. Dawa ya meno ndiyo hukata zaidi kuliko nyuzi zenyewe, hivyo acha kwa sasa zile za kung’arisha na za mkaa. Tumia yenye floraidi ppm (sehemu kwa kila milioni) 1,350 hadi 1,500, tema povu bila kusukutua kwa maji. Ukinywa soda au maji ya ndimu, subiri angalau dakika 30 kabla ya kupiga mswaki, maana asidi huwa imelainisha uso wa jino.

Wa umeme una faida ya kweli, ila si muujiza. Uchambuzi wa mwaka 2014 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, uliokusanya tafiti 56 ulionyesha kwamba mswaki wa umeme hupunguza utando kwa 11% zaidi ya ule wa kawaida katika mwezi wa kwanza hadi wa tatu, na 21% baada ya hapo. Uvimbe wa fizi ulipungua kwa 6% na 11% katika vipindi hivyo viwili. Mimi huupendekeza kwa mwenye vidole vilivyokakamaa, anayemsafisha mgonjwa meno, mwenye waya za meno, na mtu kama wewe ambaye mkono umezoea kukandamiza. Lakini uwe na kihisi cha mgandamizo, kinachowasha taa au kupunguza mwendo ukizidisha nguvu, na kipima dakika mbili. Ule wa betri ndogo unaotetema tu bila hivyo viwili hautakusaidia.

Ukiununua, chukua kichwa cha nyuzi laini, na hakikisha kwanza kwamba vichwa vya kubadilisha vinapatikana. Uwashe ukiwa tayari mdomoni. Usiusugue: uweke kwenye jino moja, hesabu sekunde mbili au tatu kila upande, kisha uhamishe. Kila siku chomoa kichwa na usuuze shina, kwani dawa ya meno hujikusanya hapo.

Kwako ningeanza na mswaki laini wa kawaida kwa mwezi mmoja; nyuzi zikitawanyika mapema hata hivyo, nunua wa umeme wenye kihisi. Mswaki wowote hauingii katikati ya meno, hivyo uzi wa meno unahitajika mara moja kwa siku. Kijimfereji hakitajijaza chenyewe wala ufizi hautapanda, kwa hiyo mwonyeshe daktari wa meno, huenda akakiziba. Nenda mapema zaidi kama ganzi inabaki baada ya baridi kuondoka, kama jino linauma lenyewe usiku, au kama damu haijakoma baada ya wiki mbili.