Usilipie hayo majedwali ya ubongo, anza na mishipa ya damu

Simama hapo hapo. Hizo shilingi 1,500 usizitume kwa M-Pesa.

Nimeelewa swali lako: uko mwaka wa pili wa utabibu hapa Kisumu, mtihani wa anatomia ya ubongo unakaribia, na kuna mwalimu wa tuisheni anakuuzia PDF ya majedwali, safu moja sehemu ya ubongo, safu ya pili kazi yake. Amekwambia mishipa ya damu uiruke kwa sababu haitoki sana kwenye mtihani. Umeuliza pia kuhusu atlasi, modeli ya plastiki na namna ya kukariri neva 12 za kichwa. La majedwali ndilo haliwezi kungoja.

Nilifundishwa kwa majedwali ya aina hiyo hiyo, na mtu wa aina hiyo hiyo. Alisimama mbele yetu akasema, kwa uhakika wa mtu aliyemaliza elimu yote, kwamba kiharusi ni kupooza upande mmoja na mdomo kwenda kombo, na kwamba eneo la Wernicke ni "kuelewa lugha". Andikeni. Tukaandika. Mtihani nikapita, tena vizuri. Kisha nikaingia wodini.

Akaletwa mama mmoja kutoka upande wa Ahero, mwenye presha ya muda mrefu. Mume wake alisema ameamka salama, akachemsha chai, halafu ghafla akaanza kuongea mambo yake. Mikono ina nguvu, miguu ina nguvu, uso haujapinda. Na anaongea mfululizo, sauti inapanda na kushuka inavyostahili, anatabasamu, anakushika mkono. Mimi ni mtoto wa Nakuru, Dholuo yangu, yaani lugha ya Waluo, haivuki salamu. Nikaandika kwenye faili: hana udhaifu wowote, anaongea vizuri kwa Dholuo, tabia imebadilika. Sukari ilikuwa sawa, malaria hakuna. Basi safari ikaelekezwa kwa watu wa magonjwa ya akili, na akachomwa sindano ya kumtuliza.

Aliyegundua ni mama wa usafi. Alikuwa anapiga deki karibu na kitanda kabla sindano haijamlaza yule mgonjwa, akasimama na fagio lake, akasikiliza, akanigeukia: "Nyathina (mwanangu), hiyo si Dholuo." Nikamuuliza ni lugha gani basi. Akasema si lugha. Maneno mengine ni ya kweli ila yamekaa pasipo pake, mengine hayapo kabisa, lakini ukisikia kwa mbali utaapa ni Dholuo.

Dawa ilipoisha nguvu, daktari bingwa akaja. Kupitia muuguzi anayejua Dholuo, alimwomba mama aguse sikio lake la kushoto. Mama akajibu kwa maneno marefu, kwa upole kabisa, na mkono haukusogea. Aonyeshe dirisha liko wapi. Maneno marefu tena. Kisha daktari akaleta kidole kwa ghafla kutoka juu, upande wa kulia wa uso wa mama. Macho hayakupepesa. Akakileta kutoka chini, kulia kule kule. Yakapepesa. Akatuambia: kiharusi, upande wa kushoto, limeziba tawi la chini la ateri ya kati, mmoja wa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Skani ilikuwa bado haijapigwa. Ilipopigwa, ikasema hivyo hivyo.

Fuata damu utaona alijuaje. Tawi la chini la ateri ya kati linalisha sehemu ya juu na ya nyuma ya lobu ya temporali, ile sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, ndiko liliko eneo la Wernicke. Ndani ya lobu hiyo hiyo zinapita nyuzi za kuona zinazobeba robo ya juu ya uwanja wa kuona wa upande wa pili. Lakini eneo linaloendesha uso na mkono linalishwa na tawi la juu, na tawi la juu lilikuwa zima. Ndiyo maana mkono ulikuwa na nguvu huku lugha imevurugika na robo moja ya kuona imepotea. Jedwali haliwezi kukuonyesha hilo hata likiwa na rangi kumi. Transforma ikilipuka mtaa wa Nyalenda, giza halichagui kinyozi likamwacha fundi cherehani. Wote waliokuwa kwenye laini hiyo wanazimika pamoja.

Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatakiwa itolewe ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze. Mama yule aliletwa mapema. Masaa yake yakaishia kwenye faili yenye mwandiko wangu, na dawa ya usingizi juu yake. Alipona kiasi. Kliniki alikuwa bado anawaita watoto wake kwa majina yasiyo yao, akiona nyuso zao zinabadilika bila kuelewa kwa nini.

Ndiyo maana nikiona mtu anachukua pesa ya mwanafunzi kumwambia "ruka mishipa" nakasirika, na sitaomba radhi kwa hilo. Tena ukurasa wa kwanza wa PDF yake, huo uliouweka hapa, unasema binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo! Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Ungekuwa umelala asilimia 90, hiyo oksijeni inaliwa na nani? Mtu anayeuza hilo hana haki ya kukufundisha lolote lililo ndani ya fuvu.

Kanuni yangu ni moja: usikariri jina la sehemu yoyote kabla hujajua ateri inayoilisha na mgonjwa anakuwaje ikiziba. Ateri ya mbele ikiziba, mguu wa upande wa pili unalegea kuliko mkono. Ateri ya nyuma, anapoteza nusu ya uwanja wa kuona kwenye macho yote mawili, naye atakuapia kwamba ni jicho moja tu bovu. Ateri ya kati upande wa kulia, anaweza kula sukuma wiki iliyo kulia mwa sahani, akaacha ugali ulio kushoto, na kulalamika kwamba hajashiba. Zungusha sahani, ataumaliza. Na kijana wa boda aliyegongwa kwenye panja, akazimia, akaamka anaongea na kudai aende nyumbani, usimruhusu: chini ya mfupa ule mwembamba kuna ateri ya utando wa ubongo, na ikichanika damu inakusanyika huku yeye anakutania.

Elimu yenyewe ilikuja kwa njia hiyo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alikutana na mgonjwa aitwaye Leborgne, aliyekuwa akitamka "tan" na karibu hakuna kingine, na ubongo wake aliutazama baada ya kifo. Daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza wagonjwa wa aina ya mama yule mwaka 1874. Mgonjwa alitangulia, sehemu ikafuata.

Modeli ya plastiki usinunue. Nenda soko la Kibuye ununue kichwa cha mbuzi, mwombe muuzaji afungue fuvu taratibu, uone mikunjo, ubongo mdogo na shina. Mishipa usiisome hapo, ya mbuzi imepangwa tofauti na yetu. Neva 12 wengine humu watakusaidia.

Usiku huu chora ateri tatu, ya mbele, ya kati na ya nyuma, kila upande, na kando ya kila moja andika mgonjwa anaingiaje mlangoni. Piga picha uweke hapa, nitaikagua.