"Mjukuu nitampata?" Swali lililonifunga mdomo Kibirizi

Kibirizi, mwaloni hapa Kigoma, asubuhi harufu ya dagaa inakupokea kabla hujaona ziwa. Nilikuwa mhamasishaji wa chanjo ya HPV, ile ya kuwakinga mabinti na saratani ya mlango wa kizazi. Fulana ya mradi mwilini, vipeperushi mkononi. Nikamwambia mama mmoja kwamba chanjo ni haki ya binti yake. Hakuacha kugeuza dagaa wake.

"Haki, sawa, mwanangu. Mjukuu nitampata?"

Nikabaki kimya. Semina ilinijaza haki, asilimia na virusi, wajukuu hawakuwemo. Uvumi kwamba chanjo inafunga kizazi ulishafika kwake kabla yangu.

Kilichonifumbua macho nilikikuta mahali ambapo wengi wetu hapa Kigoma tusingetafuta: kampeni za ndoa za jinsia moja Marekani. Najua kwetu ndoa hizo hazitambuliwi, na mahusiano yenyewe sheria inayaadhibu. Hoja yao siiamui hapa. Naangalia walivyosema na walivyobadilisha usemi.

Novemba 2008 wapiga kura wa California walipitisha Proposition 8, ya kuzuia ndoa hizo, kwa asilimia 52. Watetezi wa ndoa hizo walihubiri haki na ubaguzi, na wapenzi wenyewe hawakuonekana sana kwenye matangazo yao. Upande wa pili ukaleta tangazo la binti mdogo anayerudi shuleni na kumwambia mama yake kwamba amejifunza mwana wa mfalme anaweza kuoana na mwana wa mfalme mwenzake. Basi, imekwisha. Mzazi akishamhofia mtoto wake, utamsomea katiba saa ngapi? Watetezi walichelewa kuijibu hofu hiyo, kama mimi pale kwenye dagaa.

Baadaye watafiti waliwauliza wapiga kura: watu kama ninyi huoana kwa nini? Wakajibu mapenzi, kuahidiana maisha. Na wapenzi wa jinsia moja je? Hapo wengi wakasema wanafuata haki na mafao. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Hayo yalikuwa maneno ya kampeni yenyewe, yamerudi nyumbani.

Taasisi ya Freedom to Marry, iliyopigania ndoa hizo, ikashika lugha ya mapenzi na ahadi, na matangazo yakawapa nafasi wazazi na mababu walioanza na shaka, wasimulie jinsi mioyo yao ilivyogeuka. Novemba 2012 katika jimbo la Maine, walikokuwa wameshindwa 2009, wakashinda kwa kura, pamoja na majimbo ya Maryland na Washington.

Lakini anayenivutia zaidi ni Dave Fleischer, mwanaharakati wa ndoa hizo wa Los Angeles. Baada ya kushindwa California, yeye na wenzake walirudi kwenye milango ya waliowapigia kura ya kuwapinga, wakauliza kwa nini, wakasikiliza. (Utafiti mmoja uliosifia njia hiyo mwaka 2014 ulifutwa 2015 kwa sababu data hazikuaminika. Sisi tuliowahi kuona fomu za mradi zikijazwa chini ya mwembe hatukushangaa. Watafiti wawili kati ya walioufichua, Broockman na Kalla, walipima wenyewe Miami kwa mada nyingine na kukuta mazungumzo ya dakika kama kumi kweli yanabadilisha watu.)

Kwa hiyo ukipewa kampeni, iwe ya choo au ya bima, usikimbilie kuchapa fulana. Nenda kwa waliokukatalia, bila vipeperushi, uwaulize wanaogopa nini. Wakijibu usiwakatize, hata kama jibu unalo mdomoni. Halafu mtafute aliyeogopa vilevile akavuka, aseme yeye.

Mimi nilimpata bibi mmoja Ujiji. Mjukuu wake alichanjwa 2018 akiwa na miaka 14, na yeye bibi ndiye aliyepinga kuliko wote nyumbani. Nilirudi naye Kibirizi pamoja na huyo binti, ambaye sasa ana mtoto mgongoni. Sikusema kitu, nilishika mwavuli tu. Mama wa dagaa alinawa mikono, akamwomba binti ampe yule mtoto ampakate.