Usisubiri giza likolee ndipo upige picha ya maghorofa

Mkuu, umeuliza mambo manne: lenzi gani ununue, tripodi gani, namna ya kupiga picha watu barabarani, na programu ya kuhariri. Yote yasubiri. Kilichonishtua ni ratiba yako. Una usiku mmoja tu Chicago, unataka maghorofa yote kutoka ng'ambo ya maji, na umepanga kula kwanza, upumzike, kisha utoke saa tatu usiku "giza likishakolea". Usithubutu. Saa tatu picha unayoitaka itakuwa imeshapita zamani, na mbaya zaidi hutajua mpaka urudi nyumbani.

Mimi nilikwenda Oktoba, safari ya kikazi, nikiwa na usiku mmoja kama wewe. Kabla ya hapo nilikuwa nimelipia darasa la mtandaoni la picha za usiku. Mwalimu alikuwa na kauli yake kila somo: mji huamka giza likikolea, na kama huna lenzi ya f/1.4, yaani yenye tundu pana sana la kuingiza mwanga, usiku usijisumbue. Nikainunua. Jua lilipozama, saa kumi na mbili na kitu jioni, mimi nilikuwa chumbani hotelini nafuta vioo vya lenzi na kuchaji betri. Dirishani niliona kila kitu: anga chini lina rangi ya chungwa, juu buluu nzito, taa za maofisi zinawaka ghorofa baada ya ghorofa. Nikapiga picha moja kwa simu nimtumie dada yangu ajue nimefika salama, nikarudi kufuta lenzi.

Saa tatu nikawa kwenye ile rasi ilipo Adler Planetarium, jumba la maonyesho ya nyota, Ziwa Michigan mbele yangu, upepo unachoma masikio. Nilipiga zaidi ya picha mia mbili. Kwenye kioo kidogo cha kamera zilimeremeta, nikalala na furaha.

Nyumbani nikazifungua kwenye kompyuta. Willis Tower haipo. Jengo la mita 442, ghorofa 110, halipo! Mnara ule umevikwa alumini nyeusi na vioo vyenye giza. Kitu cheusi mbele ya anga jeusi, kingo zote humezwa. Zilibaki antena mbili zinaelea hewani, na chini yake madirisha machache yasiyojulikana ni ya jengo gani. Nikajaribu kung'arisha sehemu za giza, zikaja chengachenga za zambarau. Taa za barabarani zilikuwa madoa meupe matupu, hakuna cha kurudisha pale. Pembeni mwa picha kila taa ilikuwa imeota mabawa kama ndege, kwa sababu nilifungua tundu la lenzi lote kama nilivyofundishwa. Picha pekee ya safari nzima inayoonyesha umbo la ule mnara ni ile ya simu niliyomtumia dada.

Nilimwandikia yule mwalimu. Akanijibu nipandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Hasira ile sijaimaliza hadi leo. ISO itaonyeshaje ukingo ambao haupo? Watu wanaomba ruhusa kazini, wanalipa nauli, wanavuka bahari kwa kumwamini, naye somo lake zima ni kuuza lenzi.

Shika hili moja: kabla jua halijazama, uwe umeshasimama na kamera imefungwa kwenye tripodi. Picha yako iko pale jua likiwa kama digrii 4 hadi 6 chini ya upeo wa macho. Wakati huo mwanga wa anga umeshuka mpaka unakaribia ule wa madirisha, na kamera inavibeba vyote bila kuunguza kimoja. Baada ya hapo anga linazidi kushuka lakini taa zinabaki vilevile. Pengo likishapanuka, lenzi yoyote utakayoleta haitaliziba. Na dakika zenyewe ni chache. Jua husogea digrii 15 kwa saa, kwa hiyo penye ikweta, linakozama karibu wima, digrii 6 zinakwisha kwa kama dakika 24. London mwezi wa Juni linateremka mshazari, unapata zaidi ya 40. Chicago ya Oktoba ni kama nusu saa hivi.

Ukiwa pale, tripodi isiguswe. ISO 100, tundu la lenzi ulibane hadi f/8, muda wa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) uongeze mwenyewe kadiri anga linavyofifia, hata ukifika sekunde kadhaa ni sawa, maghorofa hayaendi popote. Weka fokasi mapema kwenye ukingo wa jengo, kisha zima fokasi ya kujiendesha, maana giza likiingia kamera huanza kutapatapa. Kama lenzi yako ina kizuia mtikisiko, kizime nacho. Tumia kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera. Piga kila dakika, usijifanye unajua ipi ndiyo yenyewe. Utaijua ukiwa umekaa.

Halafu chagua siku ya kazi. Madirisha yale yana watu. Mwisho wa Oktoba na Novemba jioni inaingia wengi wakiwa bado mezani, na jengo zima linang'aa. Juni jua linazama Chicago karibu saa mbili na nusu usiku, maofisi mengi yameshafungwa. Wale wa "usiku wa manane ndiyo mzuri" wajue pia kwamba msimu wa ndege wanaohama, majengo marefu mengi pale huzima taa za mapambo kuanzia saa tano usiku ili ndege wasipotee na kugonga vioo.

Unakwenda mwezi gani? Andika tarehe hapa nikupigie hesabu ya jua kabla hujalipia hiyo lenzi.