Ni "pass muster", si "pass mustard"

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, ripoti yangu imerudishwa, 'pass mustard' imezungushiwa wino mwekundu. Nimekosea wapi?" Dada yangu, jeraha hilo nalijua.

Mwaka 2014 nilikuwa na miezi miwili tu kazini hapa Nairobi. Niliandika kwamba zabuni tatu "did not pass mustard", nikimaanisha hazikutimiza masharti. Mkubwa wangu aliisoma kwa sauti mbele ya watu wanane, kisha akauliza kama zabuni zilikosa haradali, maana ndiyo "mustard", ama kachumbari. Wakacheka. Mimi, niliyekuwa nikiongoza darasa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, nilikodolea macho kikombe changu cha chai hadi ikashika utando. Mpaka leo inaniuma.

Msemo wenyewe, "pass muster", nilikuwa nimeusikia tu, sijawahi kuuona umeandikwa. Tena Wamarekani wana wao, "cut the mustard", wenye maana iliyo karibu, ndiyo maana masikio huchanganya. Lakini "muster" ni askari kukusanywa wakaguliwe. Shina lake ni Kilatini "monstrare", kuonyesha. Zamani huko Uingereza kulikuwa na makapteni walioandikisha askari wasiokuwepo, hata waliokufa, ili watie mishahara yao mfukoni. Kwa hiyo watu walipangwa mstari, wakahesabiwa, silaha zikatazamwa. Aliyepita hapo alikuwa amefaa.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba neno lenyewe lilikuwa nyumbani. Baba alikuwa kibarua wa barabara. Siku ya malipo mnyapara alifungua daftari refu waliloliita "masta roli", akasoma majina. Aliyeitika alitia dole gumba kwenye wino wa zambarau. Baba alirudi na kidole hicho, nasi tukajua kuna unga. Ni "muster" hiyo hiyo! Karo yangu ilitoka kwenye daftari lile, nami nikaandika haradali.

Basi shikeni hili. Ni "pass muster", bila "a" wala "the" katikati. Anayekagua hutanguliwa na "with": "The accounts passed muster with the auditors." Kwenye barua ya kuomba kazi uache kabisa, andika "I meet the requirements", na msiandike "meet up the requirements". Vilevile ni "comply with", kamwe si "comply to". Na msemo wowote ulioingia kwa sikio, fungua kamusi kabla haujatoka kwa kalamu. Vijana, kamusi iko kwenye simu zenu. Ifungueni!

Nawe dada, sahihisha, uirudishe ripoti leo, kwa mkono wako. Mimi yangu ilisahihishwa na mtu mwingine huku nimenyamaza, na kunyamaza huko ninakujutia kuliko kicheko chao.