Maswali ya Wasomaji: Reli ya Tanga juu ya meza

SWALI: Shikamoo, Mzee. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na katika safari zake za Hamburg alileta boksi la treni ndogo ya Märklin: kichwa kimoja cha garimoshi, mabehewa matatu na vipande vya reli vinavyotosha duara moja. Transfoma yake imepotea. Sasa nimepata meza ya futi 8 kwa 4 hapa nyumbani, na ninatamani kuijenga reli ya Tanga kama ilivyokuwa wakati wa Wajerumani. Je, vifaa hivi vinafaa? Nifanye nini na kutu, maana upepo wa bahari haubakizi chuma? Tena babu ananiambia kuwa reli ile ni jasho la wazee wetu, na haoni sababu ya kuipamba. – Msomaji, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mjomba wako. Nianze na upana wa njia, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Treni ya mjomba imepunguzwa mara 87 kutoka treni za Ujerumani kwenyewe, ambako reli mbili huachana kwa milimita 1,435. Ndiyo maana reli zako zimeachana kwa milimita 16.5. Njia ya Tanga haikuwa hivyo. Tangu ilipoanza kujengwa mwaka 1893 ilikuwa ya mita moja, na ni ya mita moja hadi leo. Ukijenga stesheni yetu kwa kipimo cha 1 kwa 87 na kukisimamisha kichwa hicho mbele yake, utakuwa umeleta treni ambayo isingeweza kupita hapa hata hatua moja, na mtu aliyekulia kando ya reli ataona kuna kitu hakikai sawa, hata kama hawezi kukitaja.

Wajerumani wanaojenga njia za mita moja kwa kipimo hicho hutumia reli za milimita 12. Mimi ninakushauri ugeuze hesabu ili usinunue reli nyingine. Gawa milimita 1,000 kwa 16.5, utapata 60 na ushei. Maana yake, reli zile zile za mjomba ni reli halali za Tanga, mradi kila kitu kingine, yaani stesheni, mabehewa, minazi na watu, ukijenge kwa 1 kwa 60. Mtu wa sentimita 170 atakuwa na urefu wa milimita 28, kimo ambacho mkono wa anayeanza unakimudu.

Sasa tazama meza yako. Kutoka Tanga hadi Moshi, ambako njia ilifika mwaka 1911, ni kilomita 352. Kwa kipimo chetu ungehitaji karibu kilomita 6 za meza. Futi zako 8 ni kama mita 146 tu za ardhi halisi, kwa hiyo chagua stesheni moja na mwaka mmoja, usiyumbe. Chaguo langu ni Tengeni, baada ya 1910 na kabla ya vita vya 1914. Hapo ndipo njia ndogo ya Sigi, iliyokamilika mwaka 1910 kwa ajili ya kuteremsha mbao za misitu ya Amani, ilipokutana na njia kubwa. Ilikuwa na upana wa sentimita 75, ambazo kwa 1 kwa 60 ni milimita 12 na nusu, hivyo kipande kifupi tu cha reli ya milimita 12 ukikilaza kando kitatosha. Mabehewa ya njia moja hayakuweza kuingia nyingine, na mbao zililazimika kuhamishwa kutoka behewa dogo kwenda behewa kubwa. Sijui mandhari nyingine ya mkoa wetu inayoonyesha kazi ya reli waziwazi namna hiyo katika nafasi ndogo.

Kuhusu umeme, usichomeke kitu chochote moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Treni hiyo hutumia umeme wa kupishana, ambao huuchukua kwenye vipande vidogo vya chuma vilivyo katikati ya njia, basi tafuta transfoma ya mtengenezaji yule yule, iliyo nzima. Usiiweke kwenye reli za mifumo mingine, kwa sababu magurudumu yake ya kushoto na kulia hayajatenganishwa, na yataleta shoti. Kichwa cha mjomba usikibomoe kamwe. Nunua kingine kidogo kilichotumika, cha mfumo huo huo, ukivue bodi, kisha ukivalishe bodi ya kadibodi ya kipimo chako.

Kutu huzuiwa kwa mazoea. Futa reli kwa kitambaa chenye spiriti kila unapotaka kuendesha, na usitumie msasa, kwani mikwaruzo hushika uchafu. Meza uipake vanishi juu na chini kabla ya masika, na miguu yake uisimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu, mchwa wasipande. Wajerumani wenyewe walilaza mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli kuzishikilia, ya chuma kwa kumwogopa mchwa huyo huyo. Kwa hiyo mataruma yako yapake rangi ya kutu, si ya mbao.

Mengine yote unayo mlangoni. Mlingoti wa mkonge uliokauka ni mwepesi na hukatika kwa wembe, nao unafaa kwa kuta na mabehewa. Kwa marobota, chukua singa halisi za mkonge, zikate urefu wa sentimita moja na nusu, zipake gundi kidogo, zikandamize ndani ya boksi la kiberiti, kisha zifunge kwa uzi mweusi mara tatu. Likikauka, lichambue kidogo pembeni kwa sindano, singa zitokeze. Hakuna duka la Ujerumani litakalokuuzia robota lenye ukweli huo.

Babu yako amesema kweli. Reli ile ilichimbwa na kulazwa kwa mikono ya Waafrika, wengi wao wakisukumwa na kodi ya kibanda na amri za serikali ya kikoloni. Mtu akijenga kichwa kinachong'aa na stesheni tupu, anawafuta. Basi kaa na babu umuulize aliyoyasikia kwa wazee wake: walivaa nini, walibebaje reli, walilala wapi. Wachonge hao kwanza, genge zima la matengenezo na wabeba mbao wa Tengeni, kila mmoja na milimita zake 28, kabla hujagusa kichwa cha treni.