Usichore molekuli ya asfalteni kwa kipimo kimoja cha uzito

Futa mchoro huo wa molekuli kabla msimamizi wako hajauona. Umeandika kwamba asfalteni yako ya makaa ya mawe, ile sehemu nzito ya makaa yaliyogeuzwa kuwa kimiminika, inayoyeyuka katika tolueni na kukataa heksani, ina uzito wa molekuli wa 1,200, kwamba uliupima mara moja tu kwa osmometa ya mvuke, na kwamba sasa unatafuta kichocheo cha kukata madaraja ya metileni na etha yanayounganisha vipande vyake vinne. Mimi pia nilikuwa na vipande vinne, na nilivipenda kiasi cha kuvitundika ukutani.

Osmometa huhesabu chembe zilizomo katika mmumunyo, ziwe molekuli moja moja au zilizokumbatiana. Asfalteni ya makaa ina haidroksili za fenoli, ambazo ni asidi, na nitrojeni ya aina ya piridini, ambayo ni besi, hivyo molekuli zake hushikana kwa bondi za hidrojeni, hasa ndani ya tolueni na mkolezo, yaani wingi wa sampuli katika mmumunyo, unapokuwa mkubwa. Ni sawa na kuhesabu abiria kwa kuhesabu daladala. NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha jinsi atomi zilivyopangika, ilinieleza vizuri kipande kimoja, yaani pete chache za aromatiki zilizoungana, zenye methili na minyororo mifupi pembeni. Lakini idadi ya vipande niliitoa katika ule uzito wa uongo, kisha nikavibunia madaraja ili visidondoke.

Kwa miezi tisa nilishindilia hidrojeni katika otoklevu, chombo cha shinikizo kubwa, ili kuvunja madaraja ambayo hayakuwapo. Mkongwe wa maabara aliyenikabidhi mwongozo wake, huku akiniapia kwamba mkolezo mmoja umetosha miaka yote, alikuwa amekwisha kustaafu kwa heshima zote, na lawama akaniachia mimi. Nilipoziba haidroksili kwa makundi ya trimethilisili ili zisishikane, nikapima mikolezo minne katika kiyeyusho cha tetrahidrofurani, nikauvuta mstari wa vipimo hivyo hadi mkolezo sifuri, kisha nikatoa uzito wa 72 kwa kila kundi nililoongeza, ilibaki 560: vipande viwili na daraja moja.

Salfa uliyoiulizia itasubiri. Preasfalteni, ile sehemu nzito zaidi isiyoyeyuka katika tolueni, usiiguse kabisa kabla ya kurudia kipimo hiki, kwa kuwa haidroksili zake ni nyingi zaidi na hushikana vibaya zaidi. Sampuli iliyobaki ihifadhi chini ya nitrojeni, maana hewa nayo huongeza oksijeni bila kuombwa.