Chupa ya kwanza ilikuwa 125, ya pili ni 250: nimpe mtoto mililita ngapi?

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Mwanangu ana miezi 10. Daktari alimwandikia amoksilini ya maji kwa maambukizi ya sikio, mililita 5 mara tatu kwa siku, kwa siku 5. Siku ya pili chupa ilianguka ikavunjika. Baba yake amenunua nyingine, lakini ile ya kwanza iliandikwa 125 na hii imeandikwa 250. Bado ni unga, sijaichanganya. Nimpe mililita 5 zile zile? Halafu anaitema sana. Naweza kuitia kwenye chupa yake ya maziwa? Na friji sina.

JIBU: Hapana mama, usimpe mililita 5 za chupa hii mpya. Ungekuwa unampa dozi mara mbili ya aliyoandikiwa, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuifungua.

Angalia lebo vizuri. Ile ya kwanza ilisomeka 125 mg/5 ml, yaani kila mililita 5 za dawa iliyochanganywa zina miligramu 125 za amoksilini. Hii mpya ina miligramu 250 ndani ya mililita 5 zile zile. Daktari alikusudia mtoto apate miligramu 125 kila mara. Kwa chupa mpya, miligramu 125 zinapatikana katika mililita 2.5. Hiyo ndiyo hesabu, lakini kabla hujampa, mwonyeshe mfamasia wa hapo ulipo cheti cha daktari na chupa yenyewe, athibitishe kwa kuangalia pia uzito wa mtoto. Dozi ya mtoto hufuata uzito, na mimi uzito wake siujui.

Naomba wazazi walishike hili: mililita peke yake haikuambii mtoto amepata dawa kiasi gani. Cheti kinachosema "kijiko kimoja mara tatu" bila kutaja miligramu hakijakamilika, na una haki ya kuuliza, "Ni miligramu ngapi kila mara?" Uliza hivyo kila unapopewa dawa ya maji, na uliza tena kila chupa inapobadilika, hata kama jina la dawa ni lile lile.

Kama kuna msomaji ambaye tayari amempa mtoto dozi mbili kwa mkupuo kwa makosa ya aina hii, asihamanike. Kwa amoksilini, kuzidisha mara moja kwa mtoto mwenye figo nzima kwa kawaida huishia kwenye tumbo kuchafuka au kuharisha kidogo. Mpigie mfamasia au daktari, kisha endelea na kipimo sahihi wakati wa dozi inayofuata. Usichukulie kwamba kila dawa ina huruma hiyo. Zipo ambazo dozi mbili ni jambo la kukimbilia hospitali.

Sasa kipimo cha mililita 2.5. Usitumie nusu ya kijiko cha jikoni. Vijiko vya chai havilingani ukubwa, na nusu ya kijiko kila mtu huipima kwa jicho lake. Omba duka la dawa bomba la kupimia dawa ya mdomo. Ukipewa bomba la sindano, sindano yenyewe itolewe kabisa, na kile kifuniko kidogo cha mbele ukitupe kabla hujavuta dawa, kwa sababu kinaweza kuchomoka na kumpalia mtoto.

Kuchanganya: gongagonga chupa kwanza ili unga uliogandamana chini ulegee. Tumia maji ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Maji ya moto huharibu dawa. Tia takriban nusu ya maji yanayohitajika, funga, tikisa kwa nguvu mpaka usione unga uliobaki, kisha ongeza maji hadi kwenye alama. Hapa ndipo wengi hukosea: mapovu yanapanda, unadhani dawa imefika kwenye alama, kumbe maji hayajatosha. Subiri mapovu yatulie, uangalie tena, ujazie. Maji yakipungua dawa inakuwa kali, yakizidi inakuwa dhaifu, na makosa hayo utayabeba mpaka dozi ya mwisho. Ukiona hujiamini, mwombe mfamasia akuchanganyie, ni kazi yake. Na kila unapotaka kumpa mtoto, tikisa kwanza, maana dawa hutuama chini.

Kuhusu friji, soma lebo. Amoksilini ya kawaida kutoka kwa watengenezaji wengi inaweza kukaa nje ikiwa chumba hakizidi nyuzi 25 na jua haliifikii. Nyingine lebo yake inadai friji. Amoksilini yenye klavulanati, yaani iliyoongezewa dawa ya pili ya kuisaidia, ni lazima ikae kwenye friji baada ya kuchanganywa. Kama lebo inataka friji na huna, au nyumba yako ina joto kali, mwambie mfamasia: kuna vidonge vya amoksilini vya watoto vinavyoyeyuka ndani ya maji kidogo, unayeyusha kimoja kimoja wakati wa kumpa. Kwa mtu asiye na friji mimi ningevipendelea kuliko chupa. Daktari akikubali, ulizia hivyo. Ukibaki na chupa, iandike tarehe uliyoichanganya. Lebo itakuambia inadumu siku ngapi, mara nyingi 7, nyingine 14.

Usiitie kwenye chupa nzima ya maziwa. Asipoyamaliza hutajua amepata dawa kiasi gani. Mketishe wima mapajani, ncha ya bomba iwe upande wa ndani wa shavu, sukuma kidogo kidogo, mwache ameze, uendelee. Usimbane pua, wala usimpe akiwa amelala chali. Akimaliza, mnyonyeshe au mpe maziwa. Kwa amoksilini maziwa hayana shida. Kuna antibiotiki nyingine, kama siprofloksasini, ambazo maziwa huzizuia kufyonzwa vizuri.

Akitapika ndani ya dakika 30 baada ya dozi, mrudishie dozi hiyo mara moja. Zikipita dakika 30, acha, subiri dozi inayofuata. Akitema sehemu tu, usikisie ya kumwongeza. Saa zinazogawanyika vizuri ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Ukisahau, mpe unapokumbuka, isipokuwa kama dozi nyingine imekaribia. Usimpe mbili pamoja.

Zihesabu pia siku ulizokwisha kumpa kutoka chupa ya kwanza. Siku zake ni 5 jumla, huanzi upya, labda kama kuna dozi kadhaa zilizokosekana baada ya chupa kuvunjika. Hilo mwambie mfamasia. Kumaliza dozi ni kumaliza siku alizoandikiwa, hata akichangamka mapema, wala si kumaliza chupa. Kwa mililita 2.5 mara tatu, siku 5 nzima ni mililita 37.5 tu, kwa hiyo dawa itabaki. Usimwekee mafua yajayo wala usimpe mtoto wa jirani. Irudishe duka la dawa wakaiteketeze.

Mrudishe kwa daktari kama baada ya siku 2 au 3 za dawa bado ana homa au maumivu, kama anatapika kila dozi, au akiharisha damu. Akivimba midomo au uso, akitokwa na vipele vya kuwasha mwili mzima au akipumua kwa shida, acha dawa na umpeleke hospitali papo hapo, ukibeba chupa mkononi.